Ng'ambo ya Barabara

Ndani ya basi la Texarkana, mji ambao barabara moja inaugawa kati ya jimbo la Texas na la Arkansas, Harlan alijifanya amelala, lakini masikio yake yalikuwa macho. Mbele yake wanawake wawili wasiojuana walikuwa wameshaanza kuitana dada.

"Ugonjwa wa sukari unanimaliza, dada," alisema Verlene, mpishi wa mkahawa. "Huku Texas mtu mzima asiye na mtoto, hata awe fukara vipi, kadi ya matibabu ya serikali haipati."

"Si uhamie kwetu Arkansas? Ni kuvuka barabara tu! Mimi ninayo, na dawa napata."

"Nikakae kwa nani? Mama mkwe wangu wa zamani ana chumba huko, lakini ana mdomo."

"Mdomo hauui. Sukari inaua."

"Wewe hujakutana naye." Harlan aliuma mdomo asicheke. Verlene akaendelea, "Halafu nyumba aliyojenga baba nimwachie nani? Nihame kwa sababu ya mstari wa rangi kwenye lami?"

"Haya, dada. Ila ukianguka, omba uangukie upande wetu."

Basi liliposimama, Verlene alishuka, akasimama ukingoni mwa barabara ile ya mpaka. Magari yalisimama kumpisha avuke. Harlan akasahau kwamba amelala, akageuza shingo. Magari yakaanza kupiga honi, Verlene bado amesimama pale pale.