Saa Iliyosuguliwa kwa Majivu

Sogeeni wanangu, na wewe Hussein acha kupanga vikasha vya saa, njoo ukae hapa miguuni pangu, maana sauti hii haina tena nguvu ya kuvuka chumba na sitaki kusema jambo mara mbili. Ziada, mama, nitilie mto mgongoni. Basi, inatosha. Mimi Mselemu fundi saa nakwenda, mganga wa hospitali aliniambia kwa kuinamisha macho tu, nami sikumsumbua kwa maswali.

Nyumba hii na shamba la uwele la Mandewa ni vyenu nyote wawili, kila mtu na fungu lake la sheria. Meza ya kazi, koleo, kioo cha jichoni na chupa za vanishi ni vya Hussein, kwa kuwa ndiye aliyejifunza kazi. Sikiliza basi, mwanangu, namna ya kukaa na kazi hiyo. Saa tunazouza ni za bei nafuu, usimdanganye mtu. Ndani ni shaba, juu ni maji ya dhahabu, membamba kuliko ganda la kitunguu. Tangu askari warudi kutoka vita vya Burma wakiwa nazo mikononi, kila mwenye ng'ombe wa kupeleka mnadani anaitaka, na kila mmoja anaimaliza kwa njia yake. Wapo wanaoipaka mafuta ya nyonyo kama wanavyojipaka miguu, wakidhani wanailinda, kumbe mafuta yanakamata vumbi la kiangazi, na vumbi ndilo linalokula dhahabu kila mkono ukitikisika. Mwambie mteja aivue akishika jembe, aifute jasho jioni kwa kitambaa laini kikavu, asiilaze pamoja na funguo. Wewe paka vanishi kingoni, pale mkanda unaposugua, kwa unyoya wa kuku, kidogo sana. Na ukishafanya yote hayo, ujue itachakaa. Tangu ujana wangu sijaona saa ya namna hii iliyobaki na rangi yake mkononi mwa mtu. Sisi tunachelewesha tu, Hussein, na watu wanatulipa kwa kuchelewesha.

Sasa niseme lile linalowafanya mpishane ndani ya nyumba hii kama wapangaji.

Ile saa ya posa niliifungia sandukuni ndani ya pamba kwa ajili yako, Hussein, kwa sababu wazee wa mtaa wetu wana tabia yao: saa ya mwoaji huwekwa kwenye sinia juu ya barua ya posa, wao huipokezana mkono kwa mkono, wakasoma ni saa ngapi, ndipo wakajibu. Dada yako aliitoa asubuhi ya siku tuliyopeleka barua ili akuheshimishe. Aliisugua kwa majivu na magadi kama anavyosugua masinia ya shaba, maana kwa mkono wa mwanamke wa hapa chombo cha manjano ni cha kusuguliwa mpaka kiwake, na kweli iliwaka. Wewe uliitia mfukoni kwenye leso bila kuitazama. Ilipofika mkononi mwa mjomba wa msichana ilikuwa shaba tupu, akacheka, akasema watoto wa fundi wanaleta posa kwa saa iliyochunika, na barua ikarudi na sinia lake. Ilikuuma. Iliniuma na mimi, nilikuwa nimekaa palepale.

Lakini nani alimwambia Ziada kwamba dhahabu ile ni ya kupakwa? Meza ya saa ulimkataza asiisogelee, ukasema si kazi ya wanawake. Alijua sufuria, akatenda kwa alichokijua, tena kwa kukupenda. Na wewe tangu siku hiyo humwamkii dada yako mkubwa, chakula alichopika hukili, na juzi nilikusikia nyuma ya ukuta ukimwambia, "Baba akishazikwa nakurudisha Nduguti kwa mume wako."

Hussein, mume yule alimvunja mkono. Umeuona ulivyounga upande. Nakuomba, na mzazi hamwombi mtoto, mwache akae hapa kwenye fungu lake. Mpe mkono sasa hivi nikiona.

Mpe mkono, baba.

Ziada amenyoosha wake, nauona.

Haya. Nilikuwa nikijidanganya kwamba nikisema kwa upole utalainika, lakini nakufahamu, ulipokuwa mdogo ulikuwa hivihivi, ukinuna unanuna mpaka msimu unageuka. Sikulaani. Ningekuwa na nguvu ningekaa hapa nikamlinda mwenyewe, lakini sina, na majirani watasema ni mambo ya ndugu, na wazee wa barazani watasema mke ni wa mumewe. Hakuna wa kumtetea. Nimelitazama jambo hili kila upande na sioni mlango.

Nipeni maji. Polepole.

Ziada, nisikilize wewe sasa. Usingoje nife. Nikishakata roho watajaa watu humu, Hussein ndiye atakayekuwa mwenye nyumba, na hapo hutatoka ila kwa kupelekwa. Funga kanga zako, chukua yule mbuzi mwenye maziwa, nimekupa nikiwa hai, nenda kwa shangazi yako Stumai kule Mwankoko. Naye ni mzee, sijui atakuhifadhi mpaka lini, lakini angalau ana ulimi, wanaume wanamwogopa. Usirudi kwenye maziko yangu. Watakaouliza binti wa Mselemu yuko wapi, waache waulize. Mimi nimeshaoshwa na machozi yako, sihitaji zaidi. Radhi yangu unayo yote, Mungu akufunike, akupe... akupe pa kulala bila hofu. Usinibusu mkono, utachelewa. Nenda mchana huu, jua likiwa juu.

Mbona umesimama, Hussein? Mambo yangu na wewe hayajaisha, kaa. Nizikeni karibu na mama yenu, bila... bila shughuli kubwa. Kaa chini, nasema.

Ziada, pita.

Hussein. Toka mlangoni, mwanangu. Baba yako bado... bado anapumua. Mpishe dada yako.