Jina la Mtoto wa Winfred

Sogeeni, wanangu. Gitari kaa hapo miguuni, Antony zima hiyo simu, na wewe Winfred usijifiche nyuma ya pazia kama mgeni, maana pumzi iliyobaki sitaki kuimaliza kwa kuwaita mmoja mmoja.

Gitari, Jumapili ile ulikuwa soko la Ishiara ukiuza ndengu, ukaletewa maneno ya watu. Sasa yasikie kwangu. Kanisani, Mama Pasta aliwaita mbele kina mama waliopoteza mimba, waombewe. Nikainuka na mkongojo wangu kwa ajili ya yule wangu aliyetoka kabla ya wakati, mwaka wa ukame, nyinyi hamjazaliwa, ambaye baba yenu alimzika nyuma ya ghala na tukaambiwa tusimlilie. Namlilia mpaka leo. Ndipo nikamwona dada yenu anatoka kwenye kwaya, nikajiuliza, huyu naye alipoteza lini? Mama Pasta akamwekea mkono kichwani, Winfred akautoa polepole, akasema kwa sauti iliyofika mlangoni: "Mimi sikupoteza. Mimi nilitoa, nikiwa chuo huko Meru, na mpaka leo sijaweza kujisamehe."

Jamani! Mtoto aliyelala kitandani mwangu mpaka akaenda sekondari! Mumewe, Mutegi, alichukua kofia yake akatoka, tukasikia pikipiki ikinguruma mpaka ikapotea. Nilitaka kumshika mwanangu mkono, wangu ukakataa kuinuka.

Nyumbani ndipo aliponieleza. Kijana aliyempa mimba alimpeleka kwa mtu fulani wa chumba cha uani, akamwacha hapo, asionekane tena. Akajikokota hadi chumba alichopanga Majengo, akivuja damu, na jirani yake Awo, mama Mwislamu anayeuza chapati, ndiye aliyevunja mlango, akampeleka hospitali, akamfulia mashuka, akamlisha uji kwa kijiko mpaka akasimama, bila kumwuliza lolote. Mimi nilikuwa hapa napalilia, nikimshukuru Mungu kwamba binti yangu anasoma. Hilo ndilo linalonishtua kuliko hata lile la kwanza: mwanangu alikuwa anakufa, na mimi nilikuwa naimba.

Mutegi alirudi kesho yake, akaketi jikoni, akaniambia, "Mama, miaka hii yote akilia usingizini nilidhani ni mimi ninayemliza." Akamchukua mkewe, wakaenda kuomba pamoja. Mume amerudi. Lakini wewe, Antony, ndugu wa tumbo moja, ulisimama mlangoni pangu ukasema, "Aliyeua asirithi." Nilidhani sikusikia vizuri. Nikakwambia urudie, na ukarudia!

Basi lishikeni neno langu. Shamba la kando ya mto Thuci, lile lenye miembe, ni la Winfred, na chifu na wazee wameshaambiwa. La muguka, ile miraa yetu ya huku, ni lako, Gitari. Hili la nyumba ni lako, Antony, pamoja na kaburi langu litakalokuwa ndani yake, ulitunze. Nimemlilia Mungu tangu Jumapili ile, na ninavyomjua, dada yenu alisamehewa siku aliyomwomba. Msijifanye wakali kuliko Yeye. Siku ya kunizika, Awo aletwe kutoka Meru, akae mbele na familia, na mbuzi achinjwe na Mwislamu ili naye ale kwa amani. Wimbo atauongoza Winfred. Atakayemzuia asinitupie udongo.

Nipeni maji... Inatosha.

Winfred, njoo. Kwetu, mtoto asiye na baba hupewa jina la babu yake mzaa mama. Huyo wako hakuna aliyempa. Mimi nampa, mbele ya kaka zako: Kivuti, kama baba yenu. Usimwite tena "lile jambo." Ana jina, ni wa nyumba hii, na unaweza kumlilia mchana, watu wakiona.

Mungu awafunike, wanangu. Awape mvua kwa wakati, awape kusameheana kabla jua halijazama... Antony, mshike dada yako mkono. Mshike, nione... macho yanafifia. Ndiyo. Hivyo.

Msilie sana. Nikifika... wa kwanza nitakaowaulizia ni wale wawili. Wangu, na Kivuti mdogo... mikono yangu bado inaweza... kubeba.