Gari la Chini ya Chokaa

Kijiwe chetu hapa Bariadi kipo kwenye baraza la duka langu, kando ya barabara ya Lamadi, na benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha gari lililokufa kabla nusu ya mtaa haijazaliwa. Kahawa napika mimi, Violeth, na kashata nakata mimi. Wateja wa kudumu ni watatu. Januarius Mboje, fundi magari mstaafu wa miaka sitini na mbili, anaitwa Karabureta. Mahona alifundisha historia shule ya msingi mpaka sauti ikaisha, anaitwa Mwalimu. Dastan anaendesha Probox ya Lamadi, na jina la Turbo tulimpa kwa ajili ya mdomo wake, maana Probox yenyewe mlimani inahema. Asubuhi moja ya msimu wa pamba alikuja Mayige, mchoraji wa mabango. Kampuni moja ya mbegu ilikuwa imeniahidi mabati mapya ya baraza nikiipa upande mmoja wa ukuta wa mbele, kulia au kushoto mwa mlango, nichague mwenyewe. Mayige akaanza kukwangua chokaa kuukuu kwanza, upande wa kulia. Hakufika mbali.

— Mayu! Njoo uone, kuna tairi humu ndani!

Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo wanavyoniita. Nikatoka na birika mkononi. Kweli, chokaa ilikuwa inabanduka kama ganda la kiazi kilichoiva, na chini yake kulikuwa na rangi ya mafuta, kijani kibichi, inang'aa. Tairi. Kisha mlango. Kisha mkia.

Vikombe vitatu vikawekwa chini kwa mpigo.

— Hiyo ni Pijo! Karabureta alikuwa ameshasimama. Pijo 404! Angalia huo mkia, umechongoka kama wa samaki!

— Samaki mkunje angali mbichi, akasema Turbo. Hao waliukunja mapema.

— Hiyo methali ni ya kulea watoto, Turbo.

— Na gari halilelewi? Mimi Probox yangu naibembeleza kila asubuhi ndipo iwake.

Mwalimu alisogea mpaka miwani ikakaribia kugusa ukuta.

— Pijo ina mlango mrefu kuliko huu. Hii ni Saabu. Gari la ajabu sana lile. Injini yake kama ya pikipiki, unachanganya petroli na oili humo humo, ikipita inalia kama mashine ya kusaga yenye mafua.

— Saabu haina mkia! Saabu ina mgongo, kama kobe!

— Mimi nasema Datsuni, akasema Turbo. Nimeziona kwenye simu. Vumbi, mlio, pundamilia wanakimbia...

— Ulikuwa umezaliwa?

— Simu inazaliwa kila siku, mzee.

Mayige akalowesha brashi, akasugua mlangoni mwa gari. Likatokea duara jeupe, ndani yake namba: 34.

Hapo kijiwe kikalipuka. Gari lenye namba mlangoni siyo la kwenda sokoni. Hata mimi nilijua.

— Rali! Karabureta alipiga paja. Rali ya Safari! Niliwaambia! Miaka yote nawaambia!

Niseme hapa, kwa asiyemjua: Karabureta ana hadithi moja. Anasema mwaka sabini na moja, akiwa na miaka minane, gari la rali lilipotea njia likanasa kwenye matope kwao Sapiwi, na baba yake, mzee Mboje, akalitoa kwa ng'ombe wanne wa plau. Anasema dereva alivua kofia yake ngumu, nyeupe yenye mstari mwekundu, akamvika baba yake kwa shukrani, na mzee akalima nayo mpaka akafa. Ameisimulia misibani, ameisimulia harusini. Watoto wake mwenyewe wakimsikia anaanza, wanatoka nje kuangalia kama mvua inakuja. Mwalimu alishaipinga kwa vitabu: rali haikupita Sapiwi.

— Haikupita, akasema Mwalimu sasa, lakini sauti haikuwa na nguvu ya siku zote. Hili ni tangazo tu, Karabureta. Wakala fulani wa magari alilipia ukuta. Zamani walikuwa wanapaka kila mahali.

— Ah, matangazo ya zamani! Karabureta akasahau ugomvi. Mwalimu, unayakumbuka? Gereji yangu ya kwanza niliibandika yote. Nilikuwa nayakata kwenye magazeti ya wazungu wa misheni. Kiingereza sikusoma, nilisoma picha. Gari juu ya jabali, peke yake! Hakuna barabara, hakuna hata alama ya tairi. Unakaa siku nzima unajiuliza, lilipandaje?

— Na mama mwenye glovu nyeupe anafungua buti, akasema Mwalimu.

— Na buti tupu! Anacheka nini na buti ni tupu?

— Siku hizi mnajua tangazo la gari likoje? Turbo akatoa simu, akasoma kwa sauti ya mnadani. «Gari safi, haijagongwa, njoo na fundi wako.» Basi! Hakuna jabali, hakuna mama.

— Chema chajiuza, akasema Mwalimu, kibaya chajitembeza.

— Basi magari yote mabaya, akasema Turbo, maana yote yanajitembeza.

Tukacheka mpaka Mayige akashuka ngazi. Nikamimina mzunguko wa pili. Turbo, kwa kuona amepata nafasi, akaingiza gia kubwa.

— Mimi nitawaambia siri. Gari hili lilikuwa na injini mbili. Moja mbele, moja nyuma. Ndiyo maana halikuogopa matope.

— Uongo! akasema Mwalimu.

— Siyo uongo, akasema Karabureta taratibu. Yapo.

Turbo mwenyewe akashtuka.

— Yapo?

— Sitroeni. Kale kadogo ka mabati ya mikunjo, kalitengenezwa kwa ajili ya jangwa. Injini mbele, injini nyuma, tangi mbili. Unaweza kuzima moja ukaendelea na nyingine. Na kaka yake mkubwa, ukimzima anapiga magoti kama ngamia, ukimwasha anainuka. Niliona mmoja Mwanza, nilidhani amepandwa na shetani.

— Kumbe mimi nina akili, akasema Turbo.

— Rali yenyewe ilikuwa ujasusi, akasema Mwalimu, maana hakutaka kubaki nyuma. Fikirini. Mtu atoke Ulaya, aje kukimbia kwenye matope yetu bure? Walikuwa wanapima ardhi. Ile namba 34 siyo ya gari, ni ya ramani.

— Na waliokuja wamevaa kofia ngumu, walikuwa wanaficha antena, akadakia Turbo.

— Lete jina la gari, Mayige! Karabureta akapaza sauti. Sugua pale mbele, kwenye grili. Jina litamaliza ubishi.

Mayige akasugua mbele. Akasugua pole pole, kwa kidole kilichovikwa kitambaa. Ikaja taa moja, kubwa, ya mviringo. Halafu plasta ikaguna, ikaachia, ikadondoka chini kipande kizima, na pua ya gari na jina vyote vikawa vumbi miguuni pangu.

Watu wazima watatu walipiga kelele kama wamefungwa bao la dakika ya tisini.

— Basi, akasema Mwalimu. Hatutajua.

— Na wewe, Turbo akamgeukia Karabureta, si unasema ulikuwepo? Gari gani sasa?

— Lilikuwa limejaa matope mpaka kwenye vioo! Jina ningeliona wapi?

Mayige alikuwa ameshahamia juu ya mlango. Kutoka mkiani mwa gari palitoka mstari wa kahawia, ukapita juu ya fremu ya mlango wangu kwenda upande wa kushoto. Kamba. Na juu ya kamba, maandishi makubwa mekundu. Turbo aliyasoma herufi kwa herufi kadiri yalivyotoka.

— NGUVU... KULIKO... NG'OMBE... WANNE!

Karabureta alimshika Mwalimu mkono.

— Wanne, akasema. Mwalimu, imeandikwa wanne.

Mayige hakusubiri kuambiwa, alikimbilia kushoto mwenyewe. Ikatoka pembe. Ikatoka pembe nyingine, moja imelala chini kuelekea shavuni.

— Landrova! Karabureta alilia kwa sauti. Huyo ni Landrova, ng'ombe wetu! Baba alimpa jina hilo kwa ajili ya nguvu! Pembe ile ililala tangu ndama!

Ng'ombe wakatoka wote wanne. Lakini kadiri walivyotoka, uso wa Karabureta ulibadilika. Ng'ombe walikuwa matopeni mpaka matumboni, miguu ya mbele imekazwa, macho yamewatoka. Na kamba ilikuwa inawavuta. Gari lilikuwa mbele, kavu, safi, linawatoa ng'ombe kwenye tope.

— Wamegeuza, akasema. Aisee! Wamegeuza! Sisi ndio tuliolitoa! Wao wamechora linatutoa sisi!

— Au hadithi yako ndiyo uliyoigeuza, akasema Mwalimu. Mtoto wa miaka minane. Labda uliuona ukuta huu ukiwa mdogo, ukaenda nao nyumbani.

Alisema bila ubaya, lakini Karabureta alikaa chini kama aliyepigwa. Nadhani hata yeye kwa nukta hiyo alianza kujiuliza. Kisha akainuka tena, akaenda hadi ukutani, akaonyesha sehemu nyeupe nyuma ya ng'ombe wa mwisho.

— Mayige, mwanangu. Kama kuna mtu hapa, ni baba yangu. Na kama ni baba yangu, kichwani hana kitambaa wala pama. Ana kofia ngumu nyeupe, mstari mwekundu katikati. Baba alipofariki, mama alitagishia kuku ndani yake. Sugua hapa. Isipokuwepo, mimi hadithi hiyo sitaisema tena mpaka nife.

Hakuna aliyekunywa. Lori la pamba likapita na kuacha manyoya hewani, hakuna aliyegeuka. Mayige akalowesha, akasubiri, akabandua. Fimbo. Mkono ulioshika fimbo. Bega wazi, shuka imefungwa upande mmoja. Kidevu.

Halafu kofia.

Nyeupe. Mstari mwekundu katikati.

Sijui nani alianza kupiga kelele, nadhani ni mimi. Turbo alikimbia mpaka katikati ya barabara, akasimamisha bodaboda mbili waje waone. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

— Ilipita, alikuwa anasema. Ilipita Sapiwi. Mchoraji gani angebuni mkulima mwenye kofia ya rali? Karabureta, nisamehe ndugu yangu, ilipita!

Karabureta hakuwa na habari nao. Alikuwa amesimama mbele ya mchungaji yule wa rangi, wanalingana kimo.

— Hatukuwa na picha yake hata moja, akaniambia. Hata moja, mayu. Nilishasahau kidevu.

Mayige akakohoa. Ndoo ya rangi ya njano ya kampuni ilikuwa wazi, na jua limepanda. Akaniuliza nimeamua upande gani. Mabati nilikuwa nayahitaji kweli, baraza lilivuja masika nzima.

— Kushoto! akasema Turbo. Paka kushoto, gari libaki! Hili ni gari la rali, mayu, watu watatoka Mwanza kulipiga picha!

— Gari ndiyo historia, akasema Mwalimu. Ingawa inaniuma.

Nikamtazama Karabureta. Mtu ambaye hajawahi kuzungumzia kitu kingine isipokuwa magari, aliyewapa watoto wake wawili majina ya madereva wa kigeni na padri akakataa.

— Funikeni gari, akasema.

— Mzee! Turbo alishika kichwa. Wewe? Unajua unachosema? Namba 34! Mkia!

— Gari hilo ni la uongo. Halikuvuta mtu. Mzee huyu ni wa kweli. Mayige, paka kulia.

Nikatikisa kichwa kukubali. Turbo aligeuka asione, kama mtu anayechinjiwa mbuzi wake. Saa mbili baadaye namba 34 ilikuwa njano, na Mayige anachora hindi kubwa juu yake. Kushoto mzee Mboje alibaki na ng'ombe wake na kofia, na Mayige, kwa mkono wake mwenyewe, bila kuambiwa, akawapaka kwato nyeusi juu ya tope, wakaonekana wanasimama.

Hapo ndipo akapita Winnie, muuguzi mgeni aliyehamia kutoka Nassa wiki hiyo, akaomba kahawa. Akashangaa ukuta. Basi wakamvamia watatu kwa pamoja: Turbo anaonyesha kimo cha matope kwa mkono, Mwalimu anataja miaka, Karabureta anavuta kamba ya hewani na kuwaita ng'ombe kwa Kisukuma, kila mmoja kwa jina. Mwalimu, ambaye asubuhi hiyo hiyo aliipinga, sasa alikuwa anaisimulia kuliko mwenyewe. Winnie alisikiliza mpaka mwisho, kikombe hakijafika mdomoni.

— Na gari lenyewe, babu, akauliza, lilimaliza mashindano?

Turbo akamtazama Mwalimu. Mwalimu akamtazama Karabureta. Miaka hamsini na minne amesimulia, na sisi tumemkatisha, tumemcheka, tumempinga, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza hilo.

— Sijui, mwanangu, akasema mwishowe. Tulisimama barabarani tukalisikiliza mpaka mlio ukaisha. Halafu baba akasema turudi, kuna shamba.