Tusalimie Chupa Kwanza

Mheshimiwa chefu wa kartie, mkuu wa mtaa huu wa Majengo. Padri, mwenyeji wetu katika ukumbi huu wa parokia. Papa Jean-de-Dieu, mkurugenzi wa kampuni yetu ya gesi ya kupikia, Jiko Jepesi. Ndugu Landry, uliyetoka Kinshasa kwa niaba ya jukwaa la masomo la Somakazi. Walimu waalikwa, mnaotengeneza masomo ya mtandaoni hapa mjini. Mama Louise Birindwa, mwalimu wetu. Mawakala wenzangu wa Majengo, wa Katindo, wa Birere na wa Sake, na ninyi wa Kiwanja mlioingia jana jioni mkiwa na vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Wazazi, wake na waume za mawakala, mliovumilia simu zikiongea mezani wakati wa chakula: nawasalimu wote, kila mtu mahali alipoketi.

Najua nimechukua muda. Mwenye haraka anisamehe. Katika kampuni hii tumejifunza kwa jasho kwamba anayekata salamu hafiki mbali, na habari niliyotumwa kuisema leo ni hiyo hiyo.

Mimi ni Wenceslas Mirindi, msimamizi wa mawakala. Leo tunatoa vyeti kwa mawakala waliomaliza somo la usalama wa gesi, na tunamuaga mwalimu wao, kwa sababu kuanzia mwezi ujao somo lake halitakuwa letu peke yetu. Somakazi italipeleka Bukavu, Kisangani na Lubumbashi, kwa kampuni nyingine zinazouza gesi. Somo lililozaliwa Goma linasafiri. Nani kati yetu angelitabiri hilo mwaka jana mwezi wa tano, siku zile tulipokuwa tunalichimbia kaburi?

Nianze mwanzo, ili hata asiyekuwepo aelewe.

Mama Louise alikuwa mwalimu wa shule ya ufundi. Shule zilipofungwa kwa sababu mnazozijua, alianza kuwarekodia wanafunzi wake masomo kwa simu, akiwa amejifungia ndani ya kabati la nguo ili pikipiki za barabarani zisisikike. Papa Jean-de-Dieu alisikia moja, akamwomba atutengenezee somo la gesi: jinsi ya kubeba chupa, mahali pa kuiweka, jinsi ya kufunga mpira wa gesi kwenye jiko, na jinsi ya kujua kama gesi inavuja. Mwalimu alitutumia masomo hayo kwa WhatsApp, sauti baada ya sauti, na watu waliyapenda.

Lakini kupenda si kujua. Kampuni haikuweza kusema nani amesikia na nani amejibu tu "merci mwalimu" bila kufungua kitu. Na kampuni ilikuwa imeweka sheria, sheria nzuri, kwamba baada ya mwisho wa mwezi wa sita hakuna wakala atakayeuza gesi bila cheti. Ndiyo sababu tulijiunga na Somakazi, jukwaa linalohifadhi masomo ya makampuni na kuonyesha kila mfanyakazi amefika wapi.

Nataka kuwa mkweli mbele ya Ndugu Landry: mengi aliyotufanyia yalikuwa mema tangu siku ya kwanza. Masomo marefu aliyakatakata yakawa mafupi. Akafanya yaweze kupakuliwa mara moja na kusikilizwa bila mtandao, jambo ambalo kwa mtu wa Kiwanja ni kama kuletewa bomba la maji mlangoni. Akaweka maswali mwishoni mwa kila somo. Tena katika somo la tatu kulikuwa na kuku. Kuku wa jirani ya Mama Louise alikuwa ameamua kutaga siku ya kurekodi, na alitangaza habari hiyo kwa Goma nzima. Landry aliomba somo lirekodiwe upya, na mwalimu alilirekodi upya bila kunung'unika.

Halafu Somakazi wakakata salamu.

Mama Louise alikuwa na desturi ya kuanza kila somo kwa kusalimia. Alisalimia Majengo, akauliza habari za wagonjwa. Alisalimia Katindo, Birere na Sake. Alisalimia Kiwanja na mashamba yao. Kisha ndipo alipoingia kwenye gesi. Somakazi walikuwa na hesabu zao kutoka miji mingine, zilizosema kwamba mwalimu asipofika kwenye jambo lenyewe katika dakika ya kwanza, watu wanafunga na kuondoka. Hesabu hizo zilikuwa za kweli, huko zilikotoka. Kwa hiyo somo jipya lilianza hivi: "Chupa ya gesi ibebwe ikiwa imesimama."

Matokeo yake? Mawakala walifungua somo la kwanza. Wachache walifungua la pili. La tatu, lile lililokuwa na kuku, karibu hakuna aliyelifungua, na kuku hayupo tena.

Barua ikatufikia kutoka kwa wakubwa wa Somakazi. Kama nusu ya mawakala hawatakuwa wamemaliza kufikia mwisho wa mwezi wa tano, somo la Mama Louise litaondolewa, mkataba wake utakwisha, na mahali pake litawekwa somo lililokwisha tengenezwa, la Kifaransa, kutoka ng'ambo. Mlielewa maana yake? Mwalimu wetu angepoteza kazi yake ya mikono. Na wakala ambaye Kifaransa chake ni kile cha kupangia bei sokoni angepewa mtihani asiouelewa, angeshindwa, na kituo chake cha gesi kingefungwa.

Siku zile kila mtu alikuwa na maelezo yake. Landry alisema tatizo ni mtandao. Mimi nilisema tatizo ni uvivu, na mawakala walio hapa wanakumbuka sauti niliyolisemea. Mama Louise alisema ni salamu, lakini hakuwa na ushahidi, na mtu anayetetea maneno yake mwenyewe bila ushahidi huonekana anatetea majivuno.

Ndugu zangu, hapo ndipo Landry alipofanya jambo ambalo kompyuta haikumwamuru. Aliacha michoro yake ya hesabu, akachukua simu, akampigia wakala mmoja. Aliyempigia ni Mama Julienne wa Kiwanja, yule pale mwenye kitenge cha kijani, na ameniruhusu kusimulia. Landry alikuwa na kazi nyingi. Alipopokelewa akauliza moja kwa moja kwa nini somo la pili liliachwa katikati.

Mama Julienne akamjibu: "Weye ni nani? Unaanza kuniuliza sawa mutu wa polisi. Tusalimiane kwanza."

Landry akaomba radhi, akasalimia. Alidhani imekwisha. Akaulizwa: "Bibi na batoto beko muzuri?" Akasema hana mke bado. Hapo ndipo alipojuta, maana Mama Julienne alitaka kujua sababu, na umri wake, na kama mama yake mzazi hana wasiwasi. Nasikia walifika mpaka kwenye bei ya maharagi Kinshasa. Na baada ya hayo yote, bila kuulizwa tena, Mama Julienne alimwambia yote aliyotaka kujua. Alisema lile somo jipya linamuingilia kama mtu anayeingia nyumbani bila kubisha hodi. Alisema zamani alikuwa anaita na wauzaji wa jirani waje kusikiliza, kwa sababu mwalimu alikuwa anawasalimia wote. Sasa anaona aibu kuwaita waje kugombezwa. "Ile sauti ni ya Mama Louise," alisema, "lakini ni sawa vile amekasirika na siye."

Landry angeweza kuyafunika maneno hayo. Ofisi yake ndiyo iliyokata salamu, na ni nani anayependa kuwaambia wakubwa wake kwamba walikosea? Aliyaandika kama yalivyo, akayapeleka, akaomba ruhusa ya kujaribu.

Ndipo walipokaa kwenye simu ya picha, yeye na Mama Louise, nami nikiwa kando kama shahidi. Landry alisema salamu zitarudi, lakini akaongeza, "Mwalimu, salamu zako zinakula mega za mtandao za watu." Mama Louise akasema ni kweli, alikuwa anasalimia mji mzima kila siku kana kwamba anagombea ubunge. Wakapatana: kila somo litasalimia sehemu moja tu, kwa sentensi mbili au tatu, na hakuna atakayejua ni sehemu gani mpaka alifungue.

Walijaribu kwanza upande mmoja. Mawakala wa Majengo walipata somo la pili lenye salamu, wa Katindo wakapata lisilo nayo, ili waone tofauti. Ilikuwa siri. Siri hiyo ilidumu mpaka kesho yake, mawakala wa Katindo walipojaa mlangoni pa ofisi yangu kuuliza Majengo wamezaa na mwalimu au vipi, kwamba wao wanasalimiwa na wengine hawasalimiwi. Nilimpigia Landry nikamwambia hesabu zake zimefika, zimesimama mlangoni, na zimekasirika.

Basi salamu zikarudi kwa wote. Na watu wakaanza kufuata masomo moja baada ya jingine, kila sehemu ikingoja siku yake. Kiwanja walingoja mpaka somo la sita. Mama Julienne aliniambia alilisikiliza mara nne, mara tatu kwa ajili ya salamu na mara moja kwa ajili ya gesi, na katika maswali hakukosa hata moja. Mwezi wa tano uliisha tukiwa tumeivuka ile nusu, na barua ya pili ikaja, fupi, ikisema somo linabaki.

Lakini fahari yangu kubwa haiko kwenye barua. Iko kwenye somo la tano.

Somo hilo linafundisha kupaka maji ya sabuni kwenye shingo ya chupa ili kuona kama gesi inavuja. Somakazi walikuwa wameliita kwa Kifaransa jina refu ambalo hakuna wakala aliyewahi kulimaliza kwa pumzi moja. Siku moja nilikuwa Majengo, kwenye kituo cha Bénita, aliyeketi safu ya kwanza. Akaja mteja, mzee mwenye haraka, akashika chupa yake aondoke. Bénita akamwambia: "Papa, ngoja kidogo. Tusalimie chupa kwanza."

Mzee akashangaa. "Chupa nayo inasalimiwaka? Miye niko na maharagi ku moto."

Bénita akapaka sabuni. Tukatazama. Povu likaanza kuvimba pembeni ya kizibo, taratibu, likawa kama jicho la chura.

"Imeitika, Papa," alisema. "Iyi haitoki hapa."

Akaibeba ikiwa imesimama, akaiweka nje mahali pa wazi, mbali na jiko la mama anayekaanga mihogo, akampa mzee chupa nyingine, nayo akaisalimia. Hiyo ya pili haikuitika. Mzee akaondoka akiwa hai, akilalamika kuhusu maharagi yake. Nyumbani kwake kulikuwa na watu wa kula maharagi hayo.

Nilipowauliza mawakala, kumbe vituo vyote vinasema hivyo. Hakuna aliyewafundisha neno hilo. Waliichukua salamu ya mwalimu wao, wakaipeleka kwenye kazi. Nilimweleza Mama Louise, Mama Louise akamweleza Landry, na leo, mkifungua somo la tano, mtaona jina lake: Kusalimia chupa. Huko Lubumbashi watalikuta hivyo hivyo.

Walimu waalikwa, nimeombwa niseme neno kwenu, nami si msomi mkubwa, niliishia sekondari. Nasema nilichokiona. Msiogope majukwaa haya ya makampuni, wala msiyapigie magoti. Mama Louise alipoletewa mkataba mpya aliusoma wote. Ulikuwa unaruhusu sauti yake ibadilishwe na sauti ya mashine, bila kumwambia. Hakutukana mtu. Aliomba jina lake na sauti yake vibaki, na kwamba hakuna kitakachokatwa kabla hajaulizwa. Kwa upande wake akakubali kutazama zile hesabu kila Jumatatu, hata zile zinazouma, na kuwajibu mawakala wanaouliza maswali. Somakazi walikubali. Kuku alitoka, salamu ilirudi. Je, si ndivyo watu wawili wanavyofanya kazi moja, kila mmoja akijua kipi chake ni kuku na kipi ni salamu?

Ndugu Landry, tunakushukuru kwa kupiga ile simu. Mama Julienne ameniambia nikuulize kama umekwisha oa. Papa Jean-de-Dieu, tunakushukuru kwa kungoja wakati ambapo ingekuwa rahisi kubadilisha mwalimu. Mheshimiwa chefu, Padri, tunawashukuru kwa kutupokea.

Na wewe, Mama Louise. Ulitusalimia ukiwa ndani ya kabati, mbele ya nguo zilizotundikwa, bila kumwona hata mmoja wetu na bila kusikia mtu akiitika. Sisi tulikuwa tunaitika, mwalimu. Kiwanja walikuwa wanaitika kwa sauti, mpaka wapita njia wanageuka. Hukutusikia, kwa sababu simu haikurudishii sauti zetu.

Leo hakuna simu kati yetu. Nawaomba mawakala wote wasimame. Kiwanja, ninyi mlisalimiwa mwisho. Leo mnasalimia wa kwanza. Mama Julienne, tuanzishie salamu, na usiifupishe.

Nami nawashukuru nyote mlionisikiliza mpaka hapa bila kubonyeza pa kufungia.