Lebo ya Baba na Wanawe

Ndani ya basi la asubuhi, mwalimu mstaafu alifumba macho kama anayesali, lakini masikio aliyaacha wazi. Mbele yake mkulima wa zabibu alikuwa akimwonyesha seremala lebo aliyokuwa akiipeleka kuchapishwa.

“‘Mvinyo wa Baba na Wanawe,’” seremala alisoma. “Hongera, mzee! Wanao wangapi?” “Watatu. Mizabibu niliwapandia wao, wakahamia mjini wote.” “Sasa huoni unadanganya watu? Andika Mvinyo wa Baba, yaishe.” “Siku wakirudi, wajikute wamefutwa?” “Na wasiporudi, mzee wangu?”

Mwalimu alitamani seremala aumwe jino ghafla, kisha akatubu.

Basi likasimama. “Wa kwa mchapaji!” kondakta akaita mara mbili. Mkulima alikuwa bado ameketi, kidole chake kimefunika maneno “na Wanawe”, akitazama lebo itakavyosomeka.