Lakot na Vidonge vya Ijumaa

Baba Padri, wakubwa wa kambi, majirani wa Naguru, wagonjwa mliotoka Nateete, na nyote mlioacha shughuli zenu, familia imenipa mimi Okwera kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, Lakot Filda, kabla hatujamsindikiza kesho kwenda kulala Kitgum.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1968 huko Kitgum, mtoto wa pili wa Koplo Olal na Mama Alal, akaletwa Kampala akiwa bado mgongoni, baba yetu alipohamishiwa kambi ya polisi ya Naguru. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1975 hadi 1981, sekondari huko Gulu hadi 1987, kisha akaingia chuo cha uuguzi hapa Kampala, akahitimu Novemba 1991, na picha ya siku hiyo inamwonyesha amekunja uso, kwa sababu viatu vilikuwa vya kuazima na vilimbana.

Tarehe 10 Desemba 1994 alifunga ndoa na Sajini Komakech, Mungu akawajalia watoto wawili, Ochan na Olivia, aliowalea kwa upendo mwingi na kwa mchuzi usio na chumvi, jambo ambalo hawajamsamehe mpaka leo.

Kazi alianzia wodini mwaka 1992, lakini mwaka 2009 aliomba mwenyewe kuwa muuguzi wa jamii Nateete, kwa kuwa alichoka kupokea watu waliokwisha kupooza, ambao presha yao ingegunduliwa mapema kama mtu angewafuata nyumbani, basi kila Ijumaa akawa anapita mlango kwa mlango na kipimo chake cha presha na kile cha sukari, akiingia kwanza jikoni kuonja mchuzi, ndipo amfunge mtu kipimo mkononi.

Huko alimkuta Bibiane, fundi cherehani kutoka Bukavu, ambaye kila Ijumaa presha yake ilikuwa nzuri hata dada akawa anawatolea wengine mfano wake, mpaka Jumanne moja ya Agosti 2015 alipompelekea gauni la kushona, akampima kwa mazoea tu, akakuta mia moja tisini na tano kwa mia moja na kumi. Alipouliza, Bibiane akainamisha kichwa, akasema, "Mama, miye nakunywaka dawa Alhamisi na Ijumaa tu, juu usikasirike," yaani ili dada asimkasirikie akija kumpima.

Mnaomjua mtadhani aliwaka, maana ulimi wake ulikuwa pilipili, lakini siku ile alikaa sakafuni, akacheka, kisha akalia, akasema kosa ni lake, amewafundisha watu kumwogopa muuguzi badala ya kuuogopa ugonjwa, na tangu hapo hakuwa na siku maalumu, alibisha hodi siku yoyote, wala hakumgombeza tena mtu kwa sababu ya kipimo. Katika nyumba zake ishirini na sita, kwa miaka minane iliyofuata, hakupooza hata mtu mmoja, na hilo tunalisema kwa kujivuna.

Lakini mganga hajigangi, dada yetu naye alikuwa na presha tangu 2016 na miadi yake mwenyewe aliipuuza, hata Juni 2023 figo zikagundulika zimechoka, akaanza kusafishwa damu kwa mashine, na hofu yake ikawa moja tu, kwamba akiondoka, watu wake wataacha dawa. Kwa miguu iliyovimba alimtembeza muuguzi mpya, Annick, nyumba zote ishirini na sita, zote zikamkubali isipokuwa moja, kwani Bibiane alimwambia Annick mlangoni, "Miye nakunywaka juu ya Lakot, akienda naacha," na akaacha kweli, na habari hiyo ilimuuma dada kuliko sindano zote.

Februari mwaka huu dada alimwita Bibiane hospitalini, akamfunga kipimo, akamwambia kwa Kiswahili chetu cha kambini, "Dada yangu, dawa si ya mimi, ni ya wewe," Bibiane akalia, akaondoka, na dada akakata roho Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na sita, bila kupata jibu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika tangu juzi, wauguzi wenzake mliochanga na kukesha nasi, na Annick, ambaye jana alikwenda Nateete kumpa Bibiane taarifa ya msiba, akamkuta ameshajua, macho yamemvimba, lakini kabla hata ya salamu Bibiane alikunja mkono wa gauni, akamnyooshea mkono ampime, kipimo kikasoma mia moja thelathini kwa themanini na nne, na juu ya cherehani ilikuwepo pakiti ya vidonge iliyobaki nusu, aliyoianza jioni ile alipotoka hospitalini.

Lakot, jibu lako ndilo hilo, amelileta Annick, sasa pumzika, dada yangu, kwa amani.