Koti Lililochakaa Viwikoni

Benchi lile linaegemea ukuta wa kinyozi, na asubuhi kivuli chake kinatosha watu watatu na birika la kahawa. Siku hiyo Nahodha alifika amekumbatia mfuko wenye koti. Ni fundi wa majokofu, hajapanda hata mtumbwi. Jina amelipata kwa kukusanya nguo za wanamaji wa jeshi. Mpya hazitaki hata bure. Yeye hutafuta kwenye mitumba kola iliyopauka, kiraka, tone la rangi ya meli. Lakini mkewe alikuwa amemwambia masanduku ya nguo hizo yatoke chumba cha wageni: mama mkwe amekuja, na amelala amebanwa nayo kama shehena. Nahodha alijua huenda koti hili ndilo la mwisho.

— Tazameni viwiko, alisema, akilitandaza magotini. Vimesuguka hadi vinang'aa. Huyu alikuwa mtu wa kuegemea.

— Kuegemea kaunta ya baa, alisema Wembe, kinyozi mwenyewe.

— Na hili tundu la mkononi?

— Papa.

— Papa gani anauma tundu la punje ya mtama?

— Papa mchanga. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wakili, muuza vipuri ambaye hajawahi kukubali kushindwa, aliweka kikombe chini.

— Hiyo ni sigara ya adui. Manowari mbili zilikutana, zikaishiwa risasi, wakarushiana sigara. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

— Kunguru atoke wapi katikati ya bahari?

— Ndiyo maana hakuna aliyefurahi.

Nahodha alicheka, kisha akashika kifungo kimoja kwa vidole viwili.

— Hiki kimeshonwa kwa uzi mwekundu, tena upogo. Alishona mwenyewe, meli ikiyumba.

— Alishonewa na nguva, alisema Wembe. Akampenda, akazama kwenda kujitambulisha ukweni.

— Shikamoo mama, Nahodha alisema ghafla, akasimama.

Mama mkwe wake alikuwa ameshafika, kitenge begani. Wote wakaamkia. Nahodha aliona aibu. Akajua amekuja kulalamikia masanduku.

— Marahaba, wanangu. Nimeelekezwa nikufuate huku. Hizo nguo, baba, usiku nimezifungua nikazitazama. Wewe huzivaa lini?

— Sijawahi kuvaa hata moja, mama.

— Kwa nini?

Nahodha akamtazama Wembe. Wembe akamtazama Wakili, na Wakili akainama kutazama kikombe chake.

— Basi vaa tuone.

Akavaa. Mikono ilimfika sawasawa kwenye vifundo vya mkono, na alipoikunja, viwiko vyake vikakaa palepale pa yule mwanamaji. Hakuna aliyecheka. Mama akamnyoosha kola, akapangusa bega.

— Limekukaa. Nguo hazina ubaya, masanduku ndiyo yameniumiza mgongo. Tafuta misumari tuzitundike ukutani, nilale nikizitazama.

— Na mwanao, mama?

— Mwanangu nitazungumza naye mimi.

Wakaondoka pamoja, Nahodha ndani ya koti zito, jua likianza kuchoma, jasho likimtoka, naye hafungui hata kifungo.

— Chema chajiuza, alisema Wakili.

— Hapo umepatia, alisema Wembe, akainua birika kumwongezea. Halikutoa hata tone.